Mtandao wa Upande wa Pili

Nyumba yetu ya Nguba, mjini Bukavu, imejengwa kwenye mteremko unaotazama ziwa, na baraza yake ina kona mbili ambazo simu inazielewa kuliko sisi wenyewe. Ukisimama kona ya kushoto, karibu na mlango wa jikoni, simu inashika mtandao wa kwetu. Ukisogea kona ya kulia, penye beseni la kufulia, inatetemeka kidogo na ujumbe unaingia kukukaribisha katika nchi jirani, kana kwamba umevuka mpaka ukiwa bado na povu la sabuni mikononi. Watoto wetu walipokuwa wadogo waliufanya kuwa mchezo. Walikimbia kutoka kona hadi kona wakipiga kelele: "Niko Bukavu! Niko ng'ambo! Niko Bukavu!" Tulicheka nao. Mimi sijaweza kuucheka tena tangu alasiri ile ya Jumamosi ambapo motor ya boti ilimgomea mume wangu katikati ya maji.

Mume wangu ni mtaalamu wa kilimo, na kazi yake ni kuwatembelea wakulima wa kahawa kisiwani Idjwi. Boti anayovukia aliachiwa na baba yake: mwili wake ni mwepesi, rangi yake ya bluu imekwisha kupauka, na nyuma imefungwa motor ya zamani inayowashwa kwa ufunguo, kama gari. Hapo awali motor hiyo ilikuwa pia na kamba ya kuvuta kwa mkono, lakini kamba ilikatika na hatukuibadilisha, kwa sababu bega lake la kuume halikupona vizuri baada ya kuanguka na pikipiki, na hata ingekuwapo asingeweza kuivuta. Kwa hiyo uhai wote wa boti ile ulitegemea betri moja, iliyokaa ndani ya sanduku chini ya kiti, jirani na tangi la petroli.

Betri hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Umeme wa mtaa wetu unakuja na kuondoka upendavyo, na shirika letu, yaani familia za jirani zinazosali pamoja kila juma, lilikuwa limezoea kukutanika kwetu kwa sababu sisi hatukukosa mwanga. Siku ya sala mume wangu alipandisha betri kutoka ufukweni, akaiweka chini ya meza, na mkuu wa shirika, muzee mchangamfu anayependa kila kitu kianze kwa wakati, akaiunganisha na taa tuliyoinunua sokoni Nyawera. Nyaya mbili za taa alizizungusha kwenye vichwa viwili vya betri, na chumba kikang'aa. Watu waliimba vizuri zaidi penye mwanga. Baada ya sala betri ilirudi chini, na hakuna aliyefikiri kwamba kitu kinachotuangazia nyumbani ndicho kinachomrudisha mtu kutoka majini.

Lazima niseme pia jambo moja kuhusu nyakati hizi. Tumeingia katika majira ambayo mtu hasemi kwa sauti kila anachokiona. Ziwa, ambalo zamani lilikuwa njia tu, limekuwa mahali pa kuulizwa maswali. Mstari wa mpaka hauonekani juu ya maji; hauna ua wala jiwe. Tulikuwa tumesikia habari za watu waliosukumwa na upepo hadi wakauvuka bila kutaka, na habari hizo hazikuwa na mwisho mmoja. Wengine walirudi kesho yake wakicheka. Wengine walirudi wakiwa hawataki kuulizwa. Kuhusu wengine tulisikia mwanzo tu. Nami sikujua ipi kati ya habari hizo ni ya kweli, na kutojua huko ndiko kulikonitisha.

Jumamosi hiyo mume wangu alikuwa anarudi kutoka Idjwi pamoja na dada yake mkubwa, wifi yangu, mwanamke anayefanya biashara ya vitenge na asiyenyamaza hata akiwa anakula. Nilikuwa barazani nikisahihisha mitihani ya fizikia ya wanafunzi wangu wa Bagira. Niliiona boti ikiingia katika sehemu ya maji ninayoifahamu, ikielekea kwetu, kisha nikaiona ikipunguza mwendo na kusimama. Sikushtuka. Karibu na mji maji yetu yamejaa mifuko na chupa za plastiki, na mara nyingi analazimika kuzima motor ili aondoe mfuko uliolizungukia panga la motor.

Simu ililia.

"Maman," alisema mume wangu, maana nyumbani tunaitana Maman na Papa, "sachet ilikuwa imefunga hélice. Nimeitoa. Sasa motor inakatala kuwaka."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionifanya niweke kalamu chini.

"Inafanya nini ukizungusha ufunguo?"

"Inagonga tu, tak. Mara moja. Haizunguke."

Nyuma yake nilimsikia wifi: "Muambie asikuulize masomo! Amuite mutu mwenye boti!"

Nilikuwa nimekwisha kufikiria hilo. Siku hizo maboti ya kukodi yalikuwa yamefungwa ufukweni, na hakuna hata moja lililoruhusiwa kutoka bila kibali. Kuomba kibali kungemaanisha kueleza ni nani aliye kule na kwa nini anaelekea mpakani. Nilitazama tena. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza kuyakunjakunja maji, na boti haikuwa tena mbele ya mti wa mparachichi wa jirani. Ilikuwa imesogea kuume. Kule ndiko maji ya ziwa yanakoelekea, kwenye mdomo wa mto Ruzizi, na kule ndiko mpaka uliko.

"Papa, muna kasia?"

"Iko moja. Dada iko anapiga, lakini tuko tunazunguka tu kama kuku ya kukatwa."

"Kuku ni wewe!" alipaza sauti wifi. "Mimi niko napiga vizuri, ni ziwa yako njo mubaya!"

Nilisimama kona ya kushoto, mgongo wangu ukigusa mlango wa jikoni, ili mtandao usinikimbie. Ningependa kusema kwamba nilikuwa mtulivu. Sikuwa. Nilishikilia kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, yaani mpangilio wa maswali: kuanza na lililo rahisi na kutoruka hata moja. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi, na sikuwahi kufikiri kwamba ningejifundisha mwenyewe kwa sauti inayokatika.

"Levier iko ku point mort?" Motor ile haikubali kuwaka gia ikiwa imeingia.

"Nilishaangalia. Iko. Nimeitikisa hata."

"Ile kamba nyekundu ya usalama?"

"Iko mahali yake."

Jibu hilo halikunisaidia sana. Kamba nyekundu ikichomoka inakata moto wa kuchoma petroli; haizuii injini kuzunguka. Kwetu injini haikuzunguka kabisa. Tatizo lilikuwa kati ya betri na demareri, ile motor ndogo inayoizungusha kubwa.

"Ile taa ndogo karibu na ufunguo, inawaka?"

"Inawaka muzuri."

"Zungusha ufunguo tena, na uiangalie hiyo taa, usiangalie kitu kingine."

Nikasikia mlio, kwa mbali, kupitia simu: tak. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu aliyegonga ulimi kaakaani. Sijasahau mlio huo.

"Inakufa," alisema. "Taa inakufa kabisa. Nikiachilia, inarudi."

"Na asubuhi? Iliwaka bila shida?"

"Hapa kwetu iliwaka mara ya pili. Kule Idjwi ilisumbua zaidi. Nilifikiri ni baridi."

Basi ugonjwa ulikuwa umeanza kwetu ufukweni na ukazidi kidogo kidogo njiani. Betri inayokufa ingeweza kufanya hivyo. Lakini betri ile ilikuwa imetuangazia sala nzima juzi yake bila kufifia, na ilirudi kwenye boti ikiwa na nguvu. Jambo la pili lingekuwa mahali fulani ambapo mguso ni mbaya: mguso unaotosha kupitisha umeme kidogo wa taa, na usiotosha kupitisha umeme mwingi ambao demareri inaudai kwa pigo moja. Mahali kama hapo pana tabia moja. Panapata joto.

"Papa, nisikilize. Fungua kiti. Gusa vichwa vya betri kwa kidole, kimoja kimoja. Niambie kama kimoja kiko moto kuliko kingine."

"Ngoja."

Nikangoja. Nikasikia mbao ikifunguliwa, wifi akisema, "Angalia mukono, petroli iko hapo," kisha mlio wa maji yakipiga ubavu wa boti. Kisha sikusikia kitu. Niliitoa simu sikioni na kuitazama. Ilikuwa imekatika. Nikapiga. Sauti ya mwanamke wa mashine, mwenye Kifaransa kisafi, akanieleza kwamba mtu ninayemtafuta hapatikani.

Nilielewa mara moja, nadhani kabla hata ya kuelewa kwa akili. Simu yake ilikuwa imesogea kona ya kulia. Mtandao wa kwetu ulikuwa umemwachilia, na ule wa ng'ambo ulikuwa umempokea kwa ujumbe wa ukarimu ambao hakuwa na njia ya kuujibu. Nikatazama majini. Boti ilionekana ndogo, imekaa ubavu kwa upepo, na kwenye kilima cha upande wa pili mabati ya nyumba yalimetameta kwa utulivu, kama kawaida ya Jumamosi yoyote.

Niliingia ndani bila kujua ninachotafuta. Ndipo nikaiona taa ya shirika. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake ukutani, na nyaya zake mbili zilikuwa zimeanguka wima mbele ya macho yangu. Waya mmoja mwisho wake ulikuwa shaba tupu, imepindwa mviringo, kama mtu aliyeifungua kwa uangalifu kutoka mahali ilipozungushwa. Wa pili ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Haukuwa na shaba inayoonekana. Plastiki nyeusi ilikuwa imekatwa tu, ncha yake bapa, safi.

Nikaukumbuka mkasi. Sala ilikuwa imechelewa kwisha, mvua ilikuwa inakuja, na mkuu wa shirika alikuwa na haraka ya kuwafikisha watu majumbani. Waya mmoja ulikataa kufunguka. "Lete makasi," alisema, "kesho tutaitengeneza," na mtu akampa mkasi wa jikoni, na watu wakacheka kwamba muzee anakata umeme kuliko kampuni yenyewe. Kipande kilichobaki hakikubaki sakafuni. Kilibaki kwenye kichwa cha betri, kimezunguka, shaba na plastiki yake, kimefunikwa na grisi nyeusi tunayoipaka kuzuia kutu. Alfajiri mume wangu aliweka waya mnene wa boti juu yake na kukaza nati bila kuona. Kila alipozungusha ufunguo, plastiki ile iliyeyuka kidogo na kutandaa kidogo zaidi kati ya chuma na chuma.

Nilijua sasa. Na yule aliyepaswa kujua hakuwa anapatikana.

Nadhani huo ndio wakati nilioogopa kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya hapo hofu yangu ilikuwa na kazi ya kufanya. Nilitoka barazani nikaanza kumwita kwa mdomo, jambo la kipumbavu, kwa maana hata ndege asingenisikia kutoka kule. Boti ilikuwa imeupita ule mstari ninaouchora kichwani kati ya ncha ya La Botte, rasi ya mji wetu, na kilima cha ng'ambo. Na kutoka ufukwe wa pili, chini kabisa, kitu cha rangi ya kijivu kilikuwa kimeanza kutembea majini, kikiacha nyuma yake mkia mweupe.

Ndipo nilipomkumbuka wifi na simu yake ya pili. Kwa ajili ya wateja wake wa vitenge alikuwa na laini ya ng'ambo, na mara nyingi nilimkejeli kwamba anajifanya mtu wa nchi mbili. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu alinilazimisha kuiandika. Nikapiga nikiomba vitengo vyangu, yaani salio la simu, vitoshe.

"Allô, belsere!" Belsere ni wifi kwa Kifaransa chake, na alipiga kelele kana kwamba ananiita kutoka mtaa wa pili. "Uliona? Uliona vile tunaenda kutembea bila viza?"

"Dada, nisikilize, vitengo ni kidogo. Kichwa cha betri, kiko moto?"

"Ile ya moins! Ilimuchoma kidole. Iko analia kama mutoto."

Kichwa cha hasi, basi.

"Iko kipande cha nsinga ya taa chini ya nati. Ile waya ya shirika. Plastiki imeyeyuka ndani. Kwanza atoe ufunguo kabisa, autie mufukoni. Umesikia? Halafu afungue nati, atoe ile takataka yote, asugue na kisu mpaka chuma kingae, akaze tena."

"Na petroli?"

Sikutaka aniulize hilo. Nilikuwa nimekwisha kuliona: chuma, cheche, tangi, watu wawili ndani ya boti ndogo. Ningeweza kuwaambia waache, wakae, wangoje kile kitu cha kijivu kiwafikie.

"Kisu kisiguse vichwa viwili pamoja," nilisema. "Hata kidogo. Tangi mulisogeze mbele, mulifunike na kitenge chenye maji. Acheni upepo upite kwanza."

"Kitenge yangu ya mupya?"

"Dada!"

"Sawa, sawa. Belsere, iko boti inakuj—"

Vitengo vikaisha.

Sijui ilichukua muda gani. Nilisimama katikati ya baraza, si kushoto wala kulia, na simu yangu ikawa inatetemeka, ikinikaribisha ng'ambo, ikinirudisha nyumbani, ikinikaribisha tena. Boti ya kijivu ilikuwa inakua. Yetu haikukua. Niliona vivuli viwili vimeinama pamoja, kisha kimoja. Nilitazama mahali pale kwa namna ambayo macho yaliniuma, nikitafuta jambo ambalo sikutaka kuliona, mwako, moto juu ya maji. Nilitambua kwamba midomo yangu inasali, na kwamba sala ilikuwa ileile tuliyoisali juzi chini ya taa ile.

Kisha boti yetu ikasogea.

Hapo ndipo inaponipasa kueleza kitu ambacho mume wangu bado anakicheka. Sikufurahi. Kwa umbali ule, boti inayokwenda na boti inayovutwa kwa kamba zinafanana. Ya kijivu ilikuwa karibu nayo kiasi kwamba jicho langu liliziunganisha. Niliona mwendo tu, na mwendo ule ungeweza kuwa wa kuchukuliwa. Nilitafuta moshi. Motor ile ya zamani inachoma mafuta pamoja na petroli, na ikiwaka inatoa moshi wa bluu ambao tumeulalamikia miaka yote kwa sababu unanuka hadi kwenye nguo. Nilitafuta moshi ule kama mtu anayetafuta uso ndani ya umati. Upepo uliupeperusha kabla sijauhakikisha. Ndipo pua ya boti ilipogeuka, polepole, ikitetereka juu ya mawimbi, na kuacha kuyatazama yale mabati yanayometameta, na kuitazama ncha ya La Botte. Ya kijivu ilisimama. Ilikaa pale ikiwaangalia, kisha nayo ikageuka.

Niliketi sakafuni juu ya mitihani ya watoto wa watu.

Sikushuka ufukweni kuwapokea. Wao ndio waliopanda. Wifi alitangulia, kitenge chake kipya kikinuka petroli, akisimulia kabla ya kufika mlangoni. "Walikuwa karibu hivi! Mumoja ananipungia mukono. Nami nikamupungia, ningefanya nini? Bwana yako iko anasugua chuma tu, hata hawaangalie!" Kisha akafungua kiganja na kunikabidhi kipande cha waya, kifupi kama kijiti cha kiberiti, kimejikunja, plastiki yake imeyeyuka na kuwa kama lami. Mume wangu alisimama nyuma yake na kidole kilichoungua, akiwa mweupe midomoni. Aliweka paji lake la uso begani kwangu, mbele ya dada yake, jambo ambalo watu wa kwao hawalifanyi.

Siku ya sala iliyofuata mkuu wa shirika alikuja mapema na kuuliza betri iko wapi. Nilimwambia iko kwenye boti na itabaki huko. Aliniangalia kwa mshangao wa mtu asiyejua alichofanya, nami sikumwambia; aliwasha tochi ya simu yake, akalalamika kwamba maandishi ni madogo, na tukaimba kwa mishumaa. Mume wangu aliniuliza baadaye kwa nini sikumweleza. Nilisema muzee angelia, na nilikuwa nimechoka na machozi.

Mume wangu anaendelea kuvuka. Kahawa haiwezi kungoja nyakati ziwe nzuri. Kila asubuhi ya safari ninashuka naye hadi majini, ninafungua kiti, ninapitisha kidole chini ya kila nati, na ninamwomba aiwashe na kuizima nikiwa nimesimama hapo, ili niusikie mzunguko wake wote. Ananiita mukaguzi wa demareri. Ninakubali kuitwa hivyo.

Na nimenunua laini ya ng'ambo. Wifi alinicheka hadi akakaa chini. Nimeiweka katika simu yangu pamoja na ya kwetu, na mume wangu pia ninamlazimisha kubeba ya kwake, ili popote maji yatakapompeleka sauti yangu iweze kufika. Alasiri za kurudi kwake ninakaa kona ya kulia, karibu na beseni. Upepo unapoanza, simu inatetemeka mapajani na kunikaribisha ugenini, nami, niliyeketi barazani kwangu, ninashtuka kila mara, na ninainua macho kuhesabu maboti.